Kufuatilia kanisa la Watemplari lililotoweka: mfano wa Temple Bruer

Anza na makaratasi, ardhi itasubiri. Temple Bruer, kusini mwa Lincoln nchini Uingereza, imebakiwa na mnara mmoja katikati ya shamba. Kanisa la duara la Watemplari, wale watawa waliobeba upanga, halionekani tena. Jina "Temple" peke yake lisikudanganye: kuna mashamba yaliyoitwa hivyo kwa kuwa tu kodi yake ilikwenda kwa shirika lao.

Tafuta kwanza orodha ya mali zao ya mwaka 1185, kisha hesabu za vitu vilivyokamatwa 1308, zilizohifadhiwa Kew, London. Hapo ndipo utakapokuta vikombe vya misa, mavazi na vitabu. Angalia tarehe: mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi, hivyo Januari 1307 ya karani ni Januari 1308 yetu. Wengi huteleza hapo. Papa Klementi V alilivunja shirika mwaka 1312 na mali zikapewa Wahospitalari, shirika jingine la watawa wapiganaji, kwa hiyo endelea na ripoti yao ya 1338, hadi Mfalme Henry VIII alipowaondoa 1540. Ukiishia 1312 utadhani kanisa lilikufa pamoja na Watemplari.

Ripoti moja ya uchimbaji haitoshi. Kasisi George Oliver alipochimba Temple Bruer mwaka 1833, zilivuma habari za mahandaki na mateso. Mtaalamu wa mambo ya kale W. H. St John Hope alichimba upya mwanzoni mwa karne ya 20, akakuta ngazi mbili tu za kushukia chumba kilicho chini ya kanisa.

Msingi wa duara ukionekana hata kipande, kama kule Garway, Herefordshire, kipenyo kinapatikana bila kuchimba. Vuta kamba iguse uso wa ndani wa ukuta kwa ncha zote mbili. Urefu wake ni K. Katikati ya kamba, pima umbali hadi ukutani. Huo ni P. Nusu kipenyo = K×K ÷ (8×P) + P÷2. K ikiwa mita 6 na P mita 0.60, jibu ni mita 7.8. Ukikosea P kwa sentimita 5 tu, ukaandika 0.55, jibu linaruka hadi karibu mita 8.5. Kwa hiyo tumia kamba ndefu kadiri ukuta unavyoruhusu, na urudie sehemu tatu. Usichanganye uso wa ndani na wa nje, la sivyo unene wa ukuta utaingia kwenye hesabu.