SOMO: Filamu fupi ya chuo kwa simu, ndani ya wikiendi moja

Kila muhula maswali ni yale yale, nimechoka kuyajibu faragha moja moja. Hili ni la mwanafunzi mwenye simu ya kawaida, marafiki watatu wanne na siku mbili tu. Kamera ya kukodi haihitajiki.

1. Hadithi: kurasa tano za skripti zisizidi. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Waigizaji wawili, mahali pamoja ambapo tayari mnaruhusiwa kuingia.

2. Ruhusa: barua ya chuo mkononi, na kibali cha Bodi ya Filamu ulizia mapema, si asubuhi ya kushuti.

3. Simu: ishike kwa upana, futa lenzi, funga fokasi na mwanga. Video ya 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika, kwa hiyo safisha nafasi usiku wa kuamkia.

4. Sauti. Hapa ndipo filamu nyingi za wanafunzi hufia. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, ila asiposikia maneno anaondoka. Usitegemee maiki ya simu inayopiga picha, iko mbali mno. Chukua simu ya pili, washa kinasa sauti, itie mfuko wa shati la mwigizaji kichwa chini, maana maiki kuu huwa upande wa chaji. Shati liwe la pamba. Nailoni inakwaruza kila akipumua. Simu zote ziwe hali ya ndege: mtu akipiga katikati ya sini, kurekodi kunaweza kukatika. Zima feni na friji. Adhana au bodaboda ikipita, simamisha, subiri, rudia sentensi nzima. Kila klipu ianze kwa kupiga kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye ulinganishe sauti ya simu ya pili na picha, nayo isizidi dakika mbili. Kabla ya kuhama chumba, wote mnyamaze nusu dakika mrekodi ukimya wake. Ndio utakaoziba mapengo wakati wa kuediti. Na usiseme "tutaingiza sauti baadaye". Waigizaji watakuwa kwenye mitihani.

5. Kushuti: sini nzima kwa mbali, kisha rudieni kwa karibu. Kamera ibaki upande mmoja wa wanaozungumza. Kwa sini za nje wahini asubuhi. Jua la saa sita linajaza vivuli machoni.

6. Kuediti: CapCut au DaVinci Resolve, matoleo ya bure yanatosha. Muziki mwombe rafiki anayetengeneza biti.

MASWALI

– Mkuu, simu ya kawaida inafaa au nitafute kamera?
– Aya ya kwanza. Soma.

– Dada, nikishuti ndani usiku kuna mistari inapanda kwenye picha. Simu ni mbovu?
– Simu ni nzima, mdogo wangu, na swali ni zuri. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera inalinasa hilo. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe: fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Mistari ikibaki, jaribu balbu nyingine, au hamishia sini mchana karibu na dirisha.

– Nimefuata yote, sauti bado inaachana na midomo. Njia yako haifanyi kazi.
– Klipu ina urefu gani?
– Dakika tisa.
– Nimeandika mbili. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu, klipu ikirefuka sauti inaachana. Ipitishe kwanza HandBrake, programu ya bure ya kompyuta ya kubadili video, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, kisha linganisha upya.
– Sawa, imekubali.

– Uso wa mwigizaji mmoja unatoka mweusi, dirisha liko nyuma yake.
– Mgeuze alitazame dirisha. Ikishindikana, shikeni shuka jeupe mbele yake, nje kidogo ya fremu.
– Naongezea: foili ya jikoni juu ya boksi inarudisha mwanga zaidi. Ikunje-kunje kwanza, isimchome macho.
– Hiyo nzuri, asante. Na wali maharage uwe tayari kabla ya saa saba, waigizaji wasitawanyike kutafuta chakula.