Somo: Namna ya kuuza jahazi kongwe lililokarabatiwa kwa safari za matembezi

Somo hili ni la mwenye jahazi au mashua ya mbao ya zamani aliyekifanyia chombo ukarabati mkubwa, akakitia vitanda, choo na sola, na sasa anataka kukiuza kwa bei ya haki. Mfano tutakaoufuata ni jahazi la Amu (Lamu) la mita 12 hivi, lenye tanga moja na injini ya dizeli ya ndani. Mwenye mashua ndogo afuate hatua hizo hizo, vipimo ndivyo vitakavyopungua.

Shida ya biashara hii ni moja. Mnunuzi analipia kitu asichoweza kukiona: taruma (ubavu wa chombo) lililo nyuma ya mbao, msumari ulio ndani ya mti, mguu wa mlingoti ulio chini ya sakafu. Rangi mpya haimtulizi mtu anayevijua vyombo, humtia shaka zaidi. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni ya kumwonyesha yaliyofichika.

Hatua ya 1: Picha kabla ya rangi

Kama ukarabati bado unaendelea, usifunge ubao hata mmoja kabla ya kuupiga picha. Andika namba kwa chaki kwenye kila taruma, kuanzia omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), na upande wake. Piga picha taruma bovu likiwa bado mahali pake, kisha jipya likiwa limekaa lakini ubao haujarudi. Fanya vivyo hivyo kwa hanamu (mti wa mbele unaokata maji), fashini (mti wa nyuma), viungo vya mkuku (uti wa chini wa chombo) na kikao cha mlingoti. Weka futi ya kupimia ndani ya picha ili ukubwa uonekane.

Pamoja na picha, weka daftari lenye aina ya mti na mahali ulipotumika (mvule, mbambakofi, mtiki, mkoko wa kupinda wenyewe kwa mataruma), unene wa mbao, aina ya misumari, jina la fundi na risiti. Ukiandika "mbao ngumu" tu, mnunuzi atadhani ni msonobari.

Kama kazi imekwisha na picha hazipo, toa mbao za sakafu na za ndani pale zinapotoka bila kuvunjika, uziache wazi mpaka chombo kiuzwe. Rangi ya ndani isubiri. Ya nje, juu ya mstari wa maji, paka, maana jua halingoji mnunuzi.

Hatua ya 2: Kikague mwenyewe kwanza

Pwani yetu haihitaji winchi ya kupandishia chombo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kwake huangukia kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, usiku vilevile. Ingiza chombo ufukweni maji yakiwa yamejaa jioni, mahali pa mchanga mgumu usio na mawe, ukiegemeze kwa miti pande zote mbili. Asubuhi utapata saa tatu au nne za kazi.

Chukua nyundo ndogo ugonge kila ubao kwa hatua ya shibiri moja. Mti mzima hulia kwa sauti kavu, inayorudi mkononi. Uliooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Mahali pa shaka chomeka ncha ya kisu: ikizama bila nguvu, huo ubao umekwisha. Kumbuka kwamba mbao huozeshwa na maji ya mvua kuliko ya chumvi, kwa hiyo usiishie chini. Tafuta kwenye ncha za boriti za sitaha, chini ya madirisha mapya, kwenye pembe za tezi na popote choo au bomba la maji baridi limetobolewa. Ukarabati wa kutia vyumba huleta uozo mpya mahali ambapo jahazi la mizigo halikuwa nao, kwa sababu hewa haipiti tena kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo).

Misumari ndiyo inayowaangusha wengi. Doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ni dalili kwamba chuma kinaliwa na mti unaokizunguka unalainika. Ng'oa misumari 4 hadi 6 mahali tofauti, miwili ikiwa chini ya mstari wa maji, uihifadhi kwenye mfuko wenye maandishi ya mahali ilipotoka. Msumari uliobaki na nusu ya unene wake haushiki kitu. Angalia pia kama fundi amechanganya chuma cha kawaida, cha mabati na kisichoshika kutu katika ubao mmoja: metali tofauti zikilowa maji ya chumvi kwa pamoja, ile dhaifu huliwa haraka.

Mwisho, tazama chini ya mkuku, pale mchanga unapokwangua deheni (chokaa na shahamu inayopakwa chini ya chombo). Mdudu wa baharini anayetoboa mbao huingia kwa tundu dogo kama kichwa cha pini, halafu hupanuka akiwa ndani. Ukiona matundu matatu, chonga upande mmoja ujue undani wake kabla mkaguzi hajachonga yeye.

Hatua ya 3: Lirudi majini, lipime linavyovuja

Jahazi lililokaa juu wiki kadhaa limekauka, na mbao zake zimeachana. Likishuka litavuja sana siku mbili tatu za kwanza mpaka mbao zinywe maji na kufumba. Usimwite mnunuzi siku hizo. Subiri wiki moja, kisha kausha ngama jioni na asubuhi uhesabu ndoo za lita 20. Rudia usiku tatu, uandike namba daftarini pamoja na hali ya bahari. Namba inayoshuka au kutulia inauza. Ikipanda usiku wa tatu, lipandishe tena.

Mara nyingi kosa liko kwenye kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Pamba iliyolowekwa sifa (mafuta ya samaki) au mafuta ya simsim hupigwa kwa patasi butu mpaka ikae, basi. Fundi mwenye pupa akiisindilia kwenye mbao kavu, mbao zikivimba hazina pa kwenda: husukumana, zikavuta misumari na wakati mwingine kupasua taruma. Dalili yake ni pamba kujitokeza nje kama uzi baada ya siku chache majini.

Hatua ya 4: Tanga, injini na vya ndani

Fungua tanga lote ufukweni. Angalia dasi (kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga) na mishono ya pembeni, kisha kamba zinazofunga vipande vya foromali (mti unaobeba tanga), na jarari (kamba ya kupandishia tanga) mahali inapopita kwenye gofia (kapi). Kubadilisha kamba ni gharama ndogo inayompa mnunuzi imani kubwa.

Injini iwashwe ikiwa baridi, mbele ya mnunuzi. Ukiipasha moto kabla hajafika atahisi bomba na kujua. Moshi mweusi maana yake mzigo umezidi au hewa haitoshi, wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha ni dizeli isiyoungua vizuri au maji. Betri ya asidi iliyojazwa chaji kisha ikapumzika saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi; ikiwa chini ya 12.2, nunua mpya. Mtungi wa gesi uwe juu ya sitaha, si ndani: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia ngamani ikingoja cheche.

Fataki za dharura huwa na tarehe ya kwisha, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Maboya ya kujiokolea yahesabiwe, ya watoto yakiwa kando.

Hatua ya 5: Karatasi

Msajili ni KMA (Kenya Maritime Authority) kwa Kenya, TASAC (Tanzania Shipping Agencies Corporation) kwa Tanzania Bara, ZMA (Zanzibar Maritime Authority) kwa Zanzibar. Kabla ya kutangaza, hakikisha jina lililo kwenye cheti ni lako, namba ya bodi (kiwiliwili cha chombo) inalingana na ya cheti, na cheti cha ukaguzi hakijakwisha muda. Kama jahazi lilisajiliwa kuvua au kubeba mizigo, na wewe umelitia vitanda, lazima matumizi yabadilishwe rasmi. Mnunuzi anayetaka kubeba watalii hawezi kutumia leseni ya uvuvi, na hilo likigunduliwa siku ya malipo bei huporomoka.

Hatua ya 6: Bei

Wengi hujumlisha risiti zote na kuita jumla hiyo bei. Haikubaliki, kwa sababu mnunuzi ana njia nyingine: kuagiza jipya. Anza hapo. Muulize fundi wa Matondoni (Lamu) au wa Nungwi (Unguja) bodi tupu ya urefu huo itagharimu kiasi gani leo, kisha ushuke kulingana na kiasi cha mti wa zamani kilichobaki.

Namba hizi ni za kufundishia hesabu tu. Tuseme bodi mpya ni shilingi milioni 3 za Kenya. Yako imebadilishwa nusu ya mbao na mataruma, ihesabu kwa asilimia 60: 1,800,000. Injini ihesabu kwa bei ya sokoni ya injini iliyotumika, tuseme 400,000. Mlingoti, foromali na tanga 250,000. Vya ndani vilivyokugharimu 900,000 vihesabu asilimia 30 tu, yaani 270,000, kwa kuwa kila mnunuzi ana ladha yake na huenda akaving'oa. Jumla ni 2,720,000. Tangaza 2,950,000, ukijua mwisho wako ni 2,700,000.

Hatua ya 7: Majira na tangazo

Lipandishe na ulitengeneze wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Kusi (upepo wa kusini) likianza kupungua nguvu, Septemba hadi Novemba, ndipo utangaze: bahari inafaa kwa majaribio na mnunuzi anataka kuwahi Desemba. Tangazo litaje urefu, upana, kina, mwaka wa kuundwa na mahali, mbao zilizobadilishwa kwa namba, ndoo za maji kwa usiku, na kasoro zote unazozijua. Kasoro iliyotajwa hupunguza bei mara moja. Iliyofichwa, mkaguzi akiikuta, hulitia shaka daftari lako lote.

Hatua ya 8: Arubuni, majaribio, makabidhiano

Mkataba mfupi mbele ya wakili: arubuni ya asilimia 10, siku 14 za ukaguzi, nani analipa kupandisha chombo (kwa kawaida mnunuzi), na arubuni irudi iwapo ukaguzi utafichua kasoro kubwa isiyotajwa. Majaribio yawe angalau saa tatu chini ya tanga, kubisha (kwenda kinyume cha upepo) na kupindua tanga pande zote, kisha ngama ifunguliwe. Malipo yapite benki. Funguo, cheti halisi na hati ya mauziano vikabidhiwe siku moja, saa iandikwe, kwa sababu tangu saa hiyo likizama ni lake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Fundi wangu alilifunika jahazi lote kwa faiba. Nifanyeje?*

Liseme wazi kwenye tangazo. Mbao zilizonyweshwa sifa kwa miaka mingi hazishiki gundi ya faiba vizuri, na maji yakipenya kati yake mti huoza bila kuonekana. Gonga bodi yote na uzungushie chaki kila mahali panapolia utupu. Kisha kata madirisha mawili ya sentimita 10 kwa 10, moja karibu na mkuku na jingine usawa wa maji, mnunuzi aone mti wenyewe. Ukikuta mkavu na mgumu, bei yako itasimama. Ukikuta umelowa, uza kama chombo cha kutengenezwa. Usiongeze tabaka jingine juu.

*Jahazi ni la marehemu baba, tuko ndugu sita. Kaka mkubwa ameshapokea arubuni. Ni sawa?*

Si sawa bado, ndugu yangu. Mpaka mirathi ifunguliwe, hakuna hata mmoja wenu mwenye haki ya kuhamisha umiliki. Kwa Waislamu wa Kenya na Zanzibar, Mahakama ya Kadhi hushughulikia. Tanzania Bara, kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, mwende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Msimamizi ndiye atakayetia saini. Arubuni ikae benki bila kuguswa, na mumpe mnunuzi barua inayoeleza hali. Warithi wote watie saini kwamba wamekubali bei, hata kama sheria inamtaka msimamizi peke yake. Kesi nyingi za vyombo huanzia kwa ndugu aliyekuwa safarini.

*Niko Tanga, nataka kununua jahazi lenye usajili wa Kenya. Nidai nini?*

Hati ya mauziano, uthibitisho kwamba usajili wa KMA umefutwa, na cheti cha uasili wa bidhaa kinachoonyesha liliundwa Kenya, ili upewe haki za Jumuiya ya Afrika Mashariki upande wa ushuru wa forodha. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Bara ni asilimia 18, iweke kwenye hesabu kabla ya kukubaliana bei. Ongea na forodha ya Tanga kabla jahazi halijang'oa nanga. Likifika, TASAC watalikagua upya. Cheti cha Kenya hakihami nalo.

*Mnunuzi anataka kukaa nalo siku tatu baharini kabla ya kulipa. Nikubali?*

Kubali kwa masharti matatu: arubuni iwe imeingia, nahodha awe wako na mshahara wake alipe yeye, na makubaliano yaandike kwamba chochote kitakachoharibika kwa amri ya mnunuzi ni juu yake. Usimpe chombo na mabaharia wake peke yao. Foromali huvunjwa zaidi na watu wasiojua namna ya kulipindua tanga hilo hasa.

*Nipake deheni au rangi ya kisasa ya kuzuia viumbe kabla ya kuuza?*

Deheni, mpaka liuzwe. Chokaa na shahamu hukwanguliwa kwa urahisi mkaguzi akitaka kuona mbao, na bei yake ni nafuu. Mwambie mnunuzi kwamba hurudiwa kila baada ya miezi michache. Akitaka rangi, atapaka akishaiona bodi ikiwa tupu.