Gia za baiskeli ya kukunja kwenye vilima vya Kigoma

Mtu anayenunua baiskeli ya kukunja ya rimu 20 huuliza kwanza ina gia ngapi. Swali lenye faida ni jingine: gia yake nyepesi kabisa inaisogeza mita ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali? Nyingi huja na sproketi ya meno 52 mbele na friwili ya meno 14 hadi 28 nyuma. Mpangilio huo ni wa tambarare. Tabora mjini hautakusumbua. Ukitoka Kibirizi na mzigo wa dagaa ukapanda kuelekea Mwanga, utashuka usukume, hata kama gia ziko saba.

Anza kwa kupima. Jaza upepo wa kawaida, weka alama ya chaki chini usawa wa vali, panda, kisha mtu akusukume taratibu mpaka vali irudi chini. Tairi la 20 x 1.75 hutembea takriban mita 1.5. Zidisha kwa meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma. 52 kwa 28 ni mita 2.8, na 52 kwa 14 ni mita 5.6. Kwa mlima bila mzigo, tafuta mita 2.4. Ukibeba mzigo, shuka hadi karibu mita 2.

Njia rahisi ni kupunguza mbele. Sproketi ya meno 44 inakupa mita 2.4 kwenye jino 28 (duara la nyuma lenye meno 28), na mita 4.7 kwenye jino 14. Hutapoteza kitu cha maana: ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika kwenye gia nzito, bado unaenda karibu kilomita 23 kwa saa.

Kabla ya kununua, tazama sproketi imeshikwaje. Ikiwa imepigwa ribiti kwenye krenki, utabadilisha krenki nzima. Ikiwa ni ya boliti tano, pima duara la boliti: la milimita 130 haliruhusu chini ya meno 38, la milimita 110 linafika 34. Krenki ya ekseli ya mraba hutolewa kwa kivutio chake, yaani kifaa cha kusokota kinachoivuta itoke. Toa kwanza boliti na washa yake, kisha ingiza kivutio kwa mkono mpaka mwisho wa uzi. Kikiingia nusu, au washa ikibaki ndani, uzi wa krenki utang'oka. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Ukitoka 52 kwenda 44, cheni italegea. Kwa kawaida unaondoa pingili nne.

Kama 44 haitoshi, ongeza nyuma: friwili ya 14 hadi 34 inakupa karibu mita 1.9. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kihamisha cheni kilichotengenezwa kwa jino kubwa la 28 kitagonga lile la 34. Uliza kinabeba meno mangapi, na uchague chenye mkono mfupi kadiri inavyowezekana. Kwenye rimu 20, ekseli iko sentimita 24 tu kutoka ardhini. Mkono mrefu utafagia matope na kugonga mawe masika yote.

Friwili ya kusokota hukazwa na miguu ya mpandaji, ndiyo maana kuitoa ni kazi. Tumia funguo yenye meno yanayolingana nayo, uibane kwa nati ya ekseli isiruke, kisha kamata funguo kwenye jiriwa na ulizungushe gurudumu lenyewe kinyume cha saa. Ikilegea kidogo, legeza nati, kisha endelea. Paka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga mpya, na uianze kwa vidole. Habu (kitovu cha gurudumu) ya alumini ikiharibika uzi, umenunua gurudumu.

Swichi ya kubadilishia gia sita haipatani na friwili ya gia saba: majino ya friwili ya gia sita yamepishana milimita 5.5, ya gia saba ni milimita 5. Cheni itakwaruza katikati na kuruka. Swichi isiyo na vituo hufanya kazi na zote.

Kebo ina sheria yake kwenye baiskeli hii. Usikate kava mpaka umekunja na kukunjua mara kadhaa, maana likiwa fupi bawaba huivuta na gia hujibadilisha yenyewe. Likiwa refu, hunaswa kwenye kufuli. Tumia kava la gia, la breki hunywea na kuchanganya vituo.

Kurekebisha: ukiwa kwenye jino dogo, legeza kebo na utumie skrubu ya kihamisha yenye alama ya H hadi kigurudumu cha juu kikae chini ya ukingo wa nje wa jino hilo. Kaza kebo. Peleka cheni kwenye jino kubwa, kisha skrubu ya L izuie isiangukie spoki. Hilo usilifanyie haraka: kihamisha kikiingia kwenye spoki mlimani, kinavunjika pamoja na sikio la fremu linalokishika. Kisha ongeza nafasi kati ya kigurudumu na jino kubwa, milimita 5 au 6.

Sproketi mbili mbele? Achana nazo. Cheni itadondoka kila ukikunja, na fremu nyingi hazina pa kufungia kihamisha cha mbele.

Habu ya gia tatu za ndani inastahili kufikiriwa kama unapita matope au unaipakia treni mara kwa mara. Shimano Nexus 3 ikiwa na 44 mbele na 20 nyuma inatoa takriban mita 2.4, 3.3 na 4.5: karibu upana uleule wa friwili ya 14 hadi 28, ila hatua kati ya gia ni ndefu. Iweke gia ya pili, kisha linganisha alama kwenye dirisha dogo. Uliza kwanza kama fundi wako ana vipuri vyake.

Pima cheni kila baada ya miezi michache: pingili 24 ni milimita 304.8. Zikifika 306.4, badilisha cheni kabla haijala friwili.