Kabla Hujalipia Nyumba, Kagua Kinachoua Kwanza

Mtu akienda kuangalia nyumba ya kununua au ya kupanga, macho yake hukimbilia vigae, dari ya jipsamu na rangi. Dalali analijua hilo, ndiyo maana rangi hupakwa siku chache kabla ya wateja kuanza kuja. Mimi naomba uanzie upande mwingine. Kasoro zote utakazoziona zigawe mafungu matatu: zinazoweza kuua mtu, zitakazokula fedha nyingi baadaye, na zinazokera tu. Kitasa kibovu, kigae kilichopasuka na mlango unaokwaruza sakafu ni vya fungu la tatu, lakini hivyo ndivyo tunavyovipigia kelele wakati wa kupatana bei. Soketi isiyo na ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haionekani kwa macho wala hainuki, kwa hiyo hakuna anayeiuliza.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza iwe mchana wa jua, ya pili mvua ikinyesha au saa chache baada ya kukatika. Huku Pwani tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mnunuzi anayeweza kusubiri mvua moja kubwa kabla ya kulipa amepata ukaguzi wa bure. Beba tochi yenye mwanga mkali, ngazi, bisibisi, penseli, futi ya kupimia, na kile kifaa kidogo chenye taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi kupima kama nyaya zimefungwa sawasawa. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme na si ghali. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba utapanda darini na utafungua chemba za maji taka. Akikataa, usitoe hata kishika uchumba mpaka akubali.

Umeme uwe wa kwanza. Anzia kwenye ubao wa sakiti breka. Angalia kama kuna weusi, plastiki iliyoyeyuka, harufu ya kuungua, au breka moja iliyobebeshwa nyumba nzima. Kisha tafuta kifaa cha kinga chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kibonyeze; umeme lazima ukatike papo hapo. Kifaa hicho hukata umeme unapovuja, na kwa nyumba za kuishi huwekwa kile kinachokata uvujaji ukifika miliampea 30, kwa sababu mkondo mkubwa zaidi ya huo ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wengi hudhani breka za kawaida zinatosha. Hazitoshi. Breka ya kawaida kazi yake ni kulinda waya usiungue. Mkondo unaotosha kumuua mtoto ni mdogo mno, breka hiyo haiutambui kabisa.

Toka nje utafute fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini, na waya wake wenye rangi ya kijani na njano. Mara nyingi utakuta waya umekatwa, umelegea, au shaba imeibwa na wakazi hawajui, maana taa zinaendelea kuwaka na friji linaendelea kugandisha. Nyumba isiyo na ethi inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku ambayo waya wa ndani wa friji, pasi au pampu utagusa bodi. Chomeka kile kifaa chenye taa tatu kwenye kila soketi, hasa za jikoni na ile ya pampu, na uandike zilizofeli.

Halafu ingia bafuni. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta takriban ampea 24. Waya wa milimita za mraba 2.5 ni wa soketi. Shawa ya namna hiyo inahitaji walau waya wa 4, na mafundi makini hufunga wa 6, ikiwa na breka yake peke yake. Waya mwembamba huchemka ndani ya ukuta kila mtu anapooga, na dalili yake ni swichi ya shawa iliyogeuka rangi ya kahawia au kuyeyuka pembeni. Shawa ya umeme bila ethi ni ya fungu la kwanza bila mjadala: maji, mwili ulio wazi na umeme viko mahali pamoja. Usiiwashe hata siku moja ya majaribio. Kazi ya kurekebisha mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, na mwombe akuonyeshe hiyo leseni. Fundi wa kweli haoni vibaya kuulizwa.

Baada ya umeme, tazama njia ya kutokea. Grili za madirisha tumeziweka kwa sababu ya wezi, na sababu hiyo ni ya kweli. Lakini simama katika kila chumba cha kulala ujiulize: moto ukianzia sebuleni usiku, huyu aliyelala humu anapita wapi? Kama jibu ni mlango mmoja wenye kufuli na ufunguo uko chumbani kwa baba, hiyo ni kasoro kubwa kuliko ufa wowote. Walau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe karibu, mahali ambapo mtoto mkubwa anaufikia na mkono wa mwizi kutoka nje haufiki. Kazi hii fundi wa kuchomelea anaimaliza haraka.

Jikoni, uliza mtungi wa gesi utakaa wapi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliitoi. Panapowezekana mtungi ukae nje, umesimama wima, na mpira upite ukutani kwenye tundu lake. Nyumba nyingi za kupanga zina jiko dogo lisilo na tundu lolote la hewa, na wapangaji hupikia mkaa humo humo mvua ikinyesha. Moshi wa mkaa una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Jiko lisilo na hewa usilipange kwa matumaini kwamba utapikia nje kila siku.

Ngazi na baraza za juu zisikuchukulie muda mrefu. Pima uwazi kati ya nondo za kuzuia. Ukizidi sentimita 10, mtoto mdogo anaweza kupenya. Zitikise kwa nguvu. Kama zinacheza, andika.

Sasa njoo kwenye maji, na hapa ndipo fedha zinapopotelea. Panda darini na tochi. Kwanza izime, utazame juu: mwanga unaopenya ni tundu. Kisha iwashe uangalie kenchi na papi, zile mbao zinazobeba paa. Mbao iliyopata maji mara kwa mara ina alama nyeusi, na ukiichoma na bisibisi inaingia bila kubisha. Njia za udongo za mchwa hupanda ukutani kama mishipa hadi kwenye kenchi. Vunja kipande kimoja uone kama bado wamo. Uliza pia kama mbao zilitiwa dawa. Angalia pale paa mbili zinapokutana, na kofia ya juu, maana bati lenyewe huvuja mara chache kuliko maungio yake na misumari iliyoshika kutu. Kuhusu unene, kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Ukiwa huko juu, tazama na nyaya zilizotafunwa na panya au kuunganishwa kwa kuzungushiwa nailoni.

Nyumba kuukuu, hasa zilizojengwa na taasisi za umma miongo mingi iliyopita, huenda zikawa na paa la asbesto, yale mabati ya kijivu ya saruji. Likiwa zima na halijaguswa, hatari ni ndogo. Hatari huja likikatwa, likitobolewa au likifagiliwa, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa na hewa huathiri mapafu na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kama una mpango wa kubadilisha paa, gharama ya kuliondoa kwa utaratibu unaotakiwa iingie kwenye mazungumzo ya bei. Usikubali vijana walibomoe kwa nyundo.

Shuka chini utazame kuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Rangi inayotoa malengelenge, unga mweupe wa chumvi na plasta inayomong'onyoka ni dalili kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, pengine kwa sababu fundi hakuweka kizuizi cha unyevu kwenye msingi wala nailoni nzito chini ya jamvi, lile zege la sakafu. Kupaka rangi upya hakuponyi kitu hapo. Pua nayo itumie: chumba kilichofungwa kinachonuka uvundo mchana wa kiangazi kina maji yanayotoka mahali. Ukiona kabati kubwa limesukumwa ukutani kwenye chumba ambacho hakina kitu kingine, omba lisogezwe.

Karibu na bahari kuna ugonjwa mwingine. Chumvi ikiingia kwenye zege, iwe kwa upepo au kwa sababu mtu alijengea mchanga wa ufukweni, nondo hushika kutu, hutanuka na kupasua zege kwa ndani. Utaona mistari ya kutu chini ya baraza au kwenye lenta, lile zege linalopita juu ya milango na madirisha, kisha vipande vinaanguka na nondo zinabaki wazi. Hiyo mwite mhandisi. Usimwachie mtu wa plasta, kwa sababu atafunika tu, na mwaka ujao itakuwa mbaya zaidi na wewe huioni.

Nyufa zenyewe huwatisha watu kuliko inavyostahili. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida, saruji husinyaa inapokauka. Unaotakiwa kukusimamisha ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukaenda mshazari, unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, au unaopanuka kuelekea juu. Hiyo ni dalili ya msingi kuzama upande mmoja. Chora mstari kwa penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, na ukirudi mara ya pili tazama kama umesogea. Kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kama ule wa Embakasi na tambarare za Athi huko Kenya, nyumba hucheza kila msimu iwapo msingi haukuchimbwa hadi kwenye ardhi ngumu.

Ukiangalia chumba cha ghorofani, anza na ghorofa ya chini. Kuna ukuta au nguzo iliyoondolewa ili duka lipanuke? Kuna mtu anachimba? Watu waliokufa katika jengo lililoporomoka Kariakoo asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 walikuwa katika shughuli zao za kawaida. Maswali ya namna hii yaulizwe watu wakiwa bado hai. Na uzito wa tangi usiusahau: lita 2,000 za maji ni tani 2, na mnara uliochomelewa kwa vyuma vilivyooza kwa kutu unasimama juu ya vichwa vya watu wanaofua.

Kwenye maji taka, fungua chemba huku mwenzako akimwaga ndoo chooni. Maji yapite bila kusimama. Kanyaga kuzunguka mfuniko wa shimo kwa tahadhari, ukiona zege limepukutika na nondo ziko nje usipite tena hapo wala usiruhusu watoto. Kama kuna kisima, pima umbali wake na shimo la choo, lako na la jirani. Mita 30 ndicho kiwango kinachopendekezwa.

Majirani ndio watakaokwambia maji ya mvua yanafika wapi. Waulize wanaouza genge mtaani, maana wao hawana nyumba ya kuuza. Wakazi wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam wanayajua mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baadhi ya waathirika wake walihamishiwa Mabwepande, na mafuriko yamerudi huko mara nyingine baada ya hapo. Tafuta mstari wa matope ukutani, nyuma ya nyumba ambako rangi haikufika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe, kwa hiyo nyumba iliyo bondeni inaweza kuwa na tatizo la maji na la kisheria kwa pamoja. Alama ya X ukutani, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, au mahali iliposuguliwa, ipeleke kwenye ofisi husika kabla ya benki.

Ukimaliza, kaa na karatasi yako. Vya fungu la kwanza virekebishwe kabla ya mtu yeyote kulala humo, na urudi uvikague wewe mwenyewe. Usivibadilishe na punguzo la bei, kwa sababu punguzo litaishia kwenye mapazia na ethi itabaki haipo. Vya fungu la pili ndivyo vya kupatana bei: mpe fundi akadirie, kisha toa kiasi hicho kwenye bei au kwenye kodi ya miezi ya mwanzo. Makubaliano yaandikwe, yenye tarehe ya kumaliza kila kazi na jina la anayelipa, na picha ziambatanishwe. Soma pia namba za mita ya maji na mita ya umeme siku ya kukabidhiwa, mzisaini wote wawili, na siku hiyo hiyo badilisha vitasa vya milango ya nje.