Kabla ya Kwenda Pontianak, Mji wa Mto na Ikweta

Pontianak, makao makuu ya jimbo la Kalimantan Magharibi nchini Indonesia, upo pale mto Landak unapoingia kwenye mto Kapuas, na mstari wa ikweta unapita upande wake wa kaskazini. Anayepanga kwenda huko aanze na kalenda, kisha ndipo atafute tiketi. Ukikosea tarehe, hoteli nzuri haitakusaidia: utakuta moshi umefunika mto, au vyumba vyote vimejaa wageni wa sherehe ambayo hukuijua, au jua la utosini lilishapita.

Tuanze na hilo jua. Siku ambazo kivuli hupotea ni tarehe 21 hadi 23 Machi na 21 hadi 23 Septemba, na watu hukusanyika kwenye Tugu Khatulistiwa, mnara wa ikweta uliosimamishwa mwaka 1928 katika eneo la Siantan. Wengi hukosea saa, kwa kuwa wanasubiri saa sita kamili. Pontianak iko kwenye nyuzi 109 mashariki, ilhali saa ya ukanda wake imepimwa kwa nyuzi 105, hivyo jua hufika utosini mapema. Machi ni kama saa sita kasoro dakika kumi. Septemba ni mapema zaidi, kama saa tano na dakika thelathini na tano. Fika saa tano kamili, na uwe na kitu kilichonyooka cha kusimamisha wima, maana mwili wa mtu huinama bila yeye kujua. Ukichelewa wiki moja, usivunjike moyo: mtu mwenye urefu wa sentimita 170 atakuwa na kivuli cha sentimita nane hivi tu wakati jua liko juu kabisa. Kufikia Juni au Desemba kivuli hicho kinafika karibu sentimita 74, na hapo hakuna cha kustaajabia. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba vipimo vya mwaka 2005 vilionyesha mstari wenyewe uko mita 117 kutoka kwenye mnara, upande wa mtoni. Anayependa uhakika atembee hadi huko.

Mvua haina likizo Pontianak. Mwezi wowote unaweza kuloa, ila kuanzia Oktoba hadi Desemba ndipo inapomwagika zaidi. Mji umekaa chini sana, karibu usawa wa bahari, hivyo mvua kubwa ikikutana na maji ya bahari kujaa, barabara zilizo karibu na mto hufurika kwa saa kadhaa kisha maji hurudi yenyewe. Hali hiyo hutokea zaidi mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Ndala za mpira zenye soli isiyoteleza zitakufaa kuliko viatu vya ngozi, ambavyo katika unyevu ule hukaa siku nzima bila kukauka na kuanza kuota ukungu.

Miezi ya ukavu, hasa Agosti na Septemba, ina tatizo la aina nyingine. Ardhi ya pembezoni ni udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu. Ukikauka, moto hutambaa chini kwa chini na kutoa moshi kwa wiki nyingi, na maji ya juujuu hayauzimi. Mwaka 2015 na 2019 moshi ulikuwa mkali kiasi cha kufunga shule na kuvuruga safari za ndege. Mwenye pumu asiende miezi hiyo bila kwanza kufuatilia hali ya hewa ya siku zilizotangulia. Wengine wabebe barakoa za N95, kwa kuwa za kitambaa hazizuii chembe ndogo, na wasipange ndege ya kuunganisha siku hiyohiyo. Wakati huohuo wa ukavu, maji ya bahari hupanda mtoni na maji ya bomba huwa na chumvi. Ya bomba hayanywewi wakati wowote. Nunua ya chupa au yale ya madumu makubwa yanayowekwa hotelini.

Sherehe zinafuata watu wa mji, nao ni wengi: Wamalay, Wachina, Wadayak, Wabugis, Wajava, Wamadura. Siku ya kumi na tano ya mwaka mpya wa Kichina ni Cap Go Meh, na majoka ya kitambaa hupita barabarani. Singkawang, mji wa kaskazini unaofikika kwa gari kwa saa tatu au zaidi, ndiko sherehe hiyo ilikoshamiri zaidi, na vyumba vyake huisha miezi kabla. Gawai ya Wadayak, sikukuu ya mavuno, huwa Mei. Usiku wa kuamkia Idi el-Fitri, kingo za Kapuas hunguruma kwa mizinga ya magogo inayolipuliwa kwa kabaidi. Ni mlio wa kutikisa kifua, basi mwenye mtoto mdogo awe na viziba masikio. Ila kumbuka kwamba wiki ya Idi ndege hujaa na maduka mengi hufungwa. Sherehe zinazofuata mwezi mwandamo hazina tarehe ya kudumu, kwa hiyo usitegemee ya mwaka uliopita. Tarehe 23 Oktoba haihami: ndiyo kumbukumbu ya mji kuanzishwa na Syarif Abdurrahman Alkadrie mwaka 1771.

Kwa upande wa karatasi, pasipoti iwe na miezi sita iliyobaki. Viza ya kufikia hutolewa kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha tu, kwa siku 30, na huongezwa mara moja. Wengine wengi huomba kabla ya kusafiri. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na cheti cha chanjo, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla, kwa sababu cheti hakina nguvu kabla ya siku hizo kuisha. Uwanja wa ndege wa mji, Supadio, uliondolewa kwenye orodha ya viwanja vya kimataifa mwaka 2024 na kurudishwa mwaka 2025, na tangu kuondolewa huko mipango ya ndege za nje imekuwa ikibadilika. Njia ya uhakika ni kupitia Jakarta, kisha ndege ya saa moja na nusu hivi. Dawa zako zikae kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Sheria za dawa za kulevya ni kali mno, na kidonge kisicho na jina kitakupotezea muda forodhani.

Simu iliyonunuliwa nje ya Indonesia haipokei laini ya huko mpaka isajiliwe. Nenda na pasipoti kwenye duka rasmi la kampuni ya simu, uombe usajili wa mgeni wa siku 90. Laini za vibandani huuzwa bila hatua hiyo, na hapo ndipo mtandao unapogoma. Fedha ni rupia, na noti kubwa ni ya 100,000. Mashine za kutolea pesa huandikwa nje kama zinatoa noti za 50,000 au za 100,000. Chagua za 100,000, kwani huruhusu kiasi kikubwa kwa mara moja na hivyo makato hupungua. Dola zilizokunjwa au kuchorwa hukataliwa.

Mbu wa mjini wa kuogopwa ni yule wa dengue, na huuma mchana. Paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30 tangu asubuhi. Ukienda bara, ndani ya Kalimantan, zungumza na daktari kuhusu malaria pia. Jimbo lina kichaa cha mbwa: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tafuta chanjo siku hiyohiyo.

Mtoni, boti hutoka karibu na bustani ya Alun Kapuas, na ng'ambo kuna Istana Kadriah na Msikiti wa Jami wa Sultan Abdurrahman. Kapuas, wenye urefu wa kilomita 1,143, hupanda na kushuka kwa maji ya bahari hata hapa mjini, hivyo ngazi zilizokuwa zimefunikwa asubuhi hutokea mchana zikiwa na ukoga wa kijani unaoteleza vibaya. Shuka ukishika kitu. Uliza jaketi la kujiokolea kabla ya kulipa. Msikitini vaa nguo za kufunika magoti na mabega, na wanawake wawe na mtandio.

Chakula ni raha kubwa ya mji huu, na Mwislamu asiogope, ila aulize. Choi pan, maandazi laini ya mvuke yenye mboga ndani, hupikwa kwa njia halali mahali pengi, lakini pengine hupakwa mafuta ya nguruwe. Neno la kuulizia ni "babi". Kwe kia theng, supu ya tambi pana za mchele, mara nyingi ina nguruwe. Bubur pedas, uji wa mchele na mboga kutoka Sambas, hauna shaka hiyo.

Makabila kuishi pamoja kusikufanye uwe mwepesi wa maneno. Jimbo hili liliumizwa na mapigano ya kikabila mwaka 1997 na 1999, na waliopoteza ndugu bado wapo. Usimtanie mtu kwa kabila lake, wala usimuulize dereva nani alimfanya nini nani. Akianza yeye, sikiliza.

Anayeendelea Kuching, Malaysia, kwa basi kupitia Entikong atenge siku nzima. Mpaka hufungwa jioni, na saa ya Malaysia iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo piga hesabu kwa saa ya upande wa pili.