Kuotesha maji ya kijani kwa vifaranga wa perege

Wiki iliyopita nilikuwa Nzuguni, Dodoma, kwa dada mmoja anayefuga perege kwenye tanki. Maji meupe kama ya kunywa, vifaranga wamekonda. Kifaranga wa perege hula mwani wa kijani, vijimea vidogo mno vinavyofanya maji yawe ya kijani, kama Chlorella. Mchana mwani huohuo hutoa oksijeni na kunyonya amonia, uchafu wenye sumu wanaoutoa samaki. Tukauotesha hivi.

1. Maji. Ya bomba yana klorini. Yaache juani siku mbili, ndoo ikiwa wazi.

2. Mbolea. NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Loweka, chuja. Samadi ya mbuzi ni ya bwawa la udongo. Kwenye chupa za kuoteshea siitaki kabisa, inatia maji weusi na kuleta wadudu.

3. Mbegu, yaani maji ya kijani ya kuanzishia. Hapa nilipoteza wiki tatu mwaka jana. Nilichota maji ya kijani bwawani nikamimina moja kwa moja kwenye pipa. Siku ya nne kijani kimekolea, ya sita maji meupe. Nikadhani mbolea imekwisha, nikaongeza, wapi! Nilipochota glasi na kuielekeza kwenye jua ndipo nikaona vidoa vinarukaruka: viroboto wa maji, wamekula mwani wote. Kwa hiyo chuja mbegu kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Wadudu wadogo zaidi bado hupenya, ndiyo maana naanzia kwenye chupa tano angavu za lita moja na nusu, si pipa. Zikague kila asubuhi. Inayopauka, mwaga yote.

Kisha acha glasi moja imetulia usiku kucha. Kijani kikielea juu kama rangi iliyomwagika, huenda hiyo ni sianobakteria, bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi zina sumu. Usiitumie. Mwani wa kijani kwa kawaida hutuama chini au hubaki umetawanyika majini.

4. Kivuli. Jua la Dodoma linapika chupa. Weka chini ya mwarobaini, upande wa jua la asubuhi. Tikisa mara tatu kwa siku.

5. Chupa ikikolea, mimina kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji na mbolea. Ndoo ikikolea, kwenye pipa. Usiruke ndoo.

6. Kulisha. Mimina kidogo kidogo. Zamisha mkono tankini: kiganja kipotee maji yakifika kwenye kiwiko. Kikipotea mapema, acha kuongeza. Usiku mwani nao huvuta oksijeni; ukizidi, alfajiri utakuta vifaranga wanahema juu ya maji.