Papasa chini ya sikio kabla ng'ombe hajaacha kula
Nimefundishwa hili zizini wiki hii. Ng'ombe akipunguza maziwa ghafla, papasa tezi chini ya sikio, kisha mpime joto kwa themomita njia ya haja kubwa. Tezi imevimba kama yai na joto limepita nyuzi 39.5? Shuku ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Tezi hiyo hutangulia kuvimba kwa sababu kupe anayeeneza ugonjwa hupenda kujificha sikioni. Dawa ya buparvakwoni huokoa ikiwahi. Ng'ombe akishahema kwa shida na kutoa povu puani, mapafu yamejaa maji, wengi hufa hata wakichomwa sindano. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, kwa kawaida haivimbishi tezi, kwa hiyo joto likiwa juu peke yake, bado mwite.